Kumtafutia Kazi Dereva Kalinga

Tekla alikuwa nyuma ya nyumba akisuuza sufuria alipogundua kwamba kumekuwa kimya. Tangu asubuhi mumewe alikuwa akitembea barazani, anakwenda na kurudi, anakohoa, anagonga ukuta kwa kiganja, na yeye alikuwa amejizoeza kuzisikiliza hatua zile huku mikono ikiendelea na kazi. Sasa hapakuwa na hatua wala kikohozi. Aliiacha sufuria pale pale bombani, maji yakimwagika, akazunguka mbele ya nyumba. Geti lilikuwa wazi.

Hakupiga kelele. Alijua mzee alikoelekea. Kutoka kwao hadi barabara kuu ya Uyole ni mwendo wa dakika saba, na Kalinga, pamoja na miaka yake sabini na mbili na yote aliyokwisha kuyasahau, alikuwa bado na miguu mizima. Tekla alitoka mbio. Kandambili moja ilimchomoka kwenye tope, hakugeuka kuiokota.

Kalinga alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na minne. Alipakia mchele Rujewa, akashika njia ya Igawa na Makambako mpaka Mafinga, akaushusha Iringa, akageuza. Yeye na mkewe kwao ni Iringa, upande wa Kilolo, lakini alinunua kiwanja Uyole kwa sababu, alisema, alitaka kustaafu mahali anaposikia magari. Hakuwahi kuangusha gari hata moja. Halafu, miaka mitatu iliyopita, alianza kusahau majina ya watu, baadaye akasahau jiko likiwaka, na mwisho akawa anauliza kama watoto wamerudi shule, wakati mtoto wao wa mwisho ana miaka arobaini. Daktari mmoja mjini aliwaambia ugonjwa huo unaitwa dimenshia, na kwamba hauponi. Akaandika vidonge. "Usimwache peke yake, mama," alimwambia Tekla. Afanye naye nini kutwa nzima, hilo hakulisema.

Alimwona kabla hajafika lami. Pembeni ya barabara lilisimama lori lililojaa magunia ya mchele, injini ikinguruma, dereva wake ameingia mgahawani kunywa supu. Kwenye kabini, nyuma ya usukani, alikaa Kalinga. Na mbele ya lori, hatua tatu tu kutoka kwenye bampa, kina mama wawili walikuwa wametandaza gunia chini wakipanga maparachichi, migongo wameielekeza kwenye gari.

Tekla alipanda ngazi ya kabini, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Baba Anord, shuka. Shuka twende nyumbani."

Kalinga alimtazama kama mtu anayetazama ombaomba. "Mama, toka kwenye ngazi. Naondoa gari."

Mkono wake ulikwenda kwenye breki. Upepo ukatoka kwa mlio mkali, lori likatikisika, likasogea mbele kama shibiri mbili. Kina mama waligeuka, wakapiga yowe, mmoja akaanguka juu ya maparachichi yake. Tekla alitaka kulia, alitaka kumvuta mumewe shati, na akajua kwamba akimvuta tu, mguu wa mzee utakanyaga mafuta.

Maneno yaliyomtoka hakujua yalikotokea. "Dereva! Hati za mzigo hazijagongwa muhuri."

Kalinga alikanyaga breki. "Hazijagongwa? Nani kasema?"

"Mimi, natoka ofisini. Ukifika mizani hivyo watakulaza pale siku mbili."

Mzee alisonya, akafunga breki ya mkono, akazima injini kwa mpangilio, kama alivyofanya maisha yake yote, akamkabidhi ufunguo. "Basi fanyeni haraka. Huko mbele kuna ukungu."

Dereva mwenye gari alitoka mgahawani mbio, amekunja ngumi. Aliyemzuia alikuwa Jailos, fundi wa matairi mwenye banda hapo ng'ambo. "Usimguse! Huyu ni mzee Kalinga. Wakati wewe hujazaliwa alikuwa anapita hapa." Tekla aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja. Alipomfikisha mzee nyumbani alikuta uani kumejaa maji. Alifunga bomba, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Kwa siku kumi na moja zilizofuata geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Aliamini ameshamaliza tatizo, kumbe amelihamishia ndani. Kalinga alilitikisa geti lile kuanzia anapomaliza chai mpaka anapochoka, akiita majina ya matingo waliomsaidia garini zamani, wengine wameshazikwa. Alikataa kula. Akaanza kujikojolea, jambo ambalo halikuwapo. Siku ya nane alimshika Tekla mkono, akambana ukutani, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mke wangu mmempeleka wapi?"

Mkono ulibaki na alama za vidole. Kilichomtisha zaidi ni yale macho. Alikuwa ameishi nayo miaka arobaini na mitatu, katika njaa na katika misiba, na hakuwahi kuyaogopa. Tangu siku ile alipika akiwa ameupa ukuta mgongo. Kisu cha jikoni alikificha kwenye debe la unga.

Mtoto wao Anord, anayeuza vifaa vya ujenzi Iringa mjini, alipiga simu. "Mama, mlete huku. Nitamtafutia chumba chenye mlango imara."

Maneno hayo, mlango imara, yalimwingia Tekla kama baridi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake mwenyewe.

Vidonge vya presha vya Tekla mwenyewe vilipoisha ilibidi aende kituo cha afya, na mzee akaenda naye kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Muuguzi Tumpe, mama wa Kinyakyusa mwenye umri wa miaka hamsini hivi, alimpima Tekla mara mbili, akamvua kile kitambaa cha mashine bila kusema namba.

"Mama Anord, unaogopa nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Watu walikuwa wamemwuliza kama mzee anakula, kama amerogwa, kama ameombewa. Tekla alisema yote, lori, geti, mkono, kisu ndani ya unga. Kalinga alikuwa amekaa kwenye benchi karibu yao, anakaza na kulegeza skrubu ya benchi kwa ukucha. Tumpe alimtazama mzee.

"Siku yake inakwendaje?"

"Anakaa."

"Anakaa anafanya nini?"

"Anakaa tu, nesi. Atafanya nini mtu asiyemjua hata mkewe?"

"Mbona sasa hivi anafanya?" Tumpe alionyesha kwa kidevu. "Mama yangu alifika mahali hanijui mimi aliyenizaa wa kwanza. Lakini ukimpa ndizi anamenya mkungu mzima, na akiwa anamenya halii. Kichwa kilisahau mapema, mikono ikachelewa."

"Na kisu hakikumkata?"

"Kilimkata. Mara mbili." Tumpe hakuficha. "Bado nilimpa. Alipokuwa hana cha kufanya alikuwa anajikuna mpaka anatoka damu."

Alichukua karatasi, wakaanza kuipanga siku ya Kalinga kama watu wanaopanga ratiba ya shule. Tumpe aliuliza mambo ambayo Tekla aliyaona ya ajabu. Zamani aliamka saa ngapi? Kabla ya safari alianza na nini? Alipenda kukaa na watu au peke yake? Ni saa ngapi za siku anapokuwa mkali? Tekla alijibu hilo la mwisho bila kufikiri: saa kumi jioni, jua likianza kupungua, ndipo anaposema amechelewa na anataka kuondoka. "Basi saa tisa na nusu tunampa kazi, kabla hajaitafuta mwenyewe," Tumpe alisema, akaandika. Kazi iwe moja kwa wakati. Usimwulize kama anakumbuka. Mwekee kitu mkononi, anza wewe, halafu subiri. Akikosea, mwache. Akichoka, ondoa.

"Akinipiga?"

Tumpe aliweka kalamu chini. "Sikuahidi kwamba hatakupiga. Mkaribie kwa mbele, useme kwanza ndipo usogee. Na akisimama kwa hasira, mpishe njia."

Mwanzo ulikuwa mbaya. Tekla alimpa ungo wa maharage achambue, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoona haina hatari. Kalinga aliokota mawe matatu, akainua uso. "Siku hizi madereva wanachambua maharage?" Akaupiga ungo teke. Kumwagilia mchicha kulidumu dakika chache. Siku ya tatu Tekla alileta kamba ndefu ya katani kwenye turubai kuukuu lililofunika kuni uani, akaanza yeye kulifunga, kama Tumpe alivyomwelekeza, ila vibaya kwa makusudi. Alisikia mtu akiguna nyuma yake.

"Hivyo mzigo utaloa kabla ya Igawa."

Kalinga alimwondoa kwa bega, taratibu. Alilivuta turubai, akakunja pembe, akapitisha kamba, akaivuta kwa uzito wa mwili mzima. Fundo lililotoka lilikuwa zuri kiasi kwamba Tekla alibaki ameduwaa. Mzee alifungua, akafunga tena. Siku ile alikula ugali wote na kuomba mboga.

Jailos aliposikia habari alileta tairi bovu na kopo la nati zilizochakaa, na spana moja kubwa. Spana ile ilimnyima Tekla raha. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu. Wiki ya pili alikuja uani na kikombe cha chai, akasahau kusema kwanza. Kalinga aligeuka ghafla, spana ikiwa juu.

"Wewe nani?"

Tekla aliona kila kitu kwa wakati mmoja, kutu kwenye chuma, mshipa kwenye shingo ya mumewe, umbali wa kwenda mlangoni.

"Nimeleta chai ya dereva," alisema.

Spana ilibaki juu kwa muda. Kisha ikashuka. "Weka hapo," alisema Kalinga. "Ina sukari?"

Mchana ule Tekla aliificha spana uvunguni, na siku mbili zilizofuata mzee alizunguka akipapasa mifuko, akifungua na kufunga milango, mpaka geti likaanza tena kutikiswa. Siku ya tatu aliirudisha. Alijilazimisha kuimba wimbo wa kanisani kila anapotoka jikoni, kwa sauti, ili mzee ajue kuna mtu anakuja. Aliimba kwa woga, na sauti ilikuwa inakatika, lakini aliimba.

Baadaye Jailos alisema mzee aje bandani kwake asubuhi, akae na watu. Hili Tekla alilikataa mara tatu. Banda lile lilikuwa kando ya barabara ile ile. Tumpe ndiye aliyemwambia wajaribu kwa nusu saa, na kwamba aende naye na kukaa pale pale.

Siku ya kwanza walisubiri kuvuka kwa muda mrefu. Malori yalipita kwa kishindo, upepo wake ukavuta kanga, na kila lilipopita moja Kalinga aliinama mbele kidogo kulifuata, na Tekla alikaza vidole kwenye mkono wa shati lake mpaka kucha zikamuuma. Katikati ya barabara mzee alisimama kutazama tela. Tekla hakujua kama ameomba kwa sauti au moyoni. Jailos alitoka bandani amenyoosha mikono yote miwili kuzuia magari, akasema, "Shikamoo mzee, kuna gari linakusubiri ukague," na Kalinga akatembea.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Gari likija kubadilishiwa tairi, akiisha kufunga Jailos humwita. Mzee huzunguka magurudumu yote, anagonga kila moja kwa nyundo ndogo, anasikiliza, na kila mara hufika gurudumu la nyuma kushoto, anatikisa kichwa. "Nati zimelegea hapa." Jailos huchukua spana, hupiga magoti, huzijaribu zote kumi. Hazikuwa zimelegea hata siku moja. "Sasa zimekaza, mzee," husema, na Kalinga huitikia, "Haya, nenda salama." Madereva wengine walicheka. Jailos hakucheka, na alipiga magoti hata siku ya mvua.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Jailos alikuwa anajaza upepo, Tekla amegeuka kidogo tu kumsalimia mtu, na Kalinga akapita nyuma ya lori lililokuwa linarudi kinyumenyume. Tingo alipiga kelele. Lori lilisimama huku bega la mzee limeshagusana na ubao wa nyuma. Hakuumia. Alikuwa anauliza kwa nini watu wanapiga kelele. Lakini habari ilifika Iringa kabla hawajafika nyumbani, na Jumamosi Anord akashuka kwenye basi, hana mzigo zaidi ya begi tupu la kutilia nguo za baba yake.

"Mama, unamuua baba," alisema kabla hajakaa.

"Kaa kwanza."

"Mtu asiyejijua unampeleka barabarani? Unampa spana? Kule kwangu atakaa ndani, atatazama televisheni, hatadhurika."

Tekla alitamani kumkubalia. Hilo ndilo lililomtisha siku ile, jinsi alivyotamani. Angelala usingizi. Angekoga bila kuacha mlango wazi. Badala yake alisema, "Kesho nakwenda kanisani, kisha nitapita kwa Tumpe. Nitarudi saa kumi na moja. Kaa naye wewe, umfungie, umwekee televisheni ya hapa sebuleni."

Alirudi saa kumi na moja kasorobo, na kabla hajashika komeo alisikia geti likipigwa. Kisha likanyamaza, na kunyamaza kule kukamwogopesha zaidi. Aliingia haraka. Anord alikuwa amesimama pembeni ya uani, mdomo umepasuka kidogo, shati limechanika kwapani, uso wake ni wa mtoto. Baba yake alikuwa mbele ya kuni, anahema.

"Alisema mimi ni mwizi," Anord alinong'ona. "Mama, mimi ni mwizi? Alinipiga. Sijui nimfanye nini."

"Umempa nini cha kufanya?"

"Nilimwekea mpira kwenye televisheni."

Tekla alianza kuimba, akapita mbele ya mumewe kwa mbali, akaokota kamba, akamtupia mwanawe upande mmoja. "Funga. Funga vibaya."

Anord alikuwa hajui kufunga vizuri hata kama angetaka. Alipokuwa mdogo baba yake alimkataza kusogelea lori, alimtaka asome. Aliipitisha kamba ovyo. Kalinga alitazama, akatazama, kisha akasogea.

"Kijana, hivyo unamwaga mzigo wa watu. Shika hapa. Pitisha chini. Vuta. Hapana, vuta kwa mgongo." Vidole vyake vilikuwa juu ya vidole vya mwanawe. "Jina lako nani?"

"Naitwa Anord."

"Nina mtoto anaitwa hivyo." Kalinga alikaza fundo, akalipiga kofi. "Yeye amesoma. Hajui haya."

Walifunga na kufungua mpaka jua likatua nyuma ya nyumba ya jirani. Anord hakuzungumza tena habari ya Iringa. Jumatatu asubuhi alikwenda bandani kwa Jailos, wakakaa muda mrefu, na mchana akatia nguzo mbili na mnyororo nyuma ya banda, upande usioelekea barabara, mahali pa mzee kukagulia gari likiwa limezimwa na vizuizi vimewekwa kwenye matairi. Akampigia simu mkewe kwamba atachelewa siku mbili. Begi lilirudi Iringa tupu.

Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka huo na sehemu ya uliofuata. Haikuwa amani. Tekla hakuacha kuogopa hata siku moja. Alijifunza tu kufanya kazi akiwa na woga, kama mtu anayetembea na jiwe kwenye kiatu. Siku nyingine mzee alimwita kwa jina lake, mara moja, bila sababu, na siku nyingine alimfukuza jikoni.

Mwezi wa Juni baridi ilipoingia, Kalinga alilishika turubai, akapitisha kamba, akasimama. Aliitazama kamba iliyo mkononi mwake. Aliipitisha tena, ikatoka. Alijaribu mara nne. Kisha alimgeukia Tekla, na machoni mwake mlikuwa na hofu ambayo Tekla aliijua vizuri, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama," alisema, "mikono hii ya nani?"

Tekla alimsogelea kwa mbele. Aliichukua kamba taratibu, akaiweka chini, akampa pembe mbili za turubai na yeye akashika mbili. Walilikunja pamoja, nusu, na nusu tena, wakikutana katikati na kuachana na kukutana, mpaka likawa mraba mdogo. Kisha akalikunjua, wakaanza upya.